Peyton Manning na lawama za mtoano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Januari, mtoano wa NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) ukishika kasi, kwotabeki mmoja mwenye jina hutolewa nje na kesho yake zigo lote hutuliwa kichwani kwake. Mwaka mmoja ni Lamar Jackson, mwaka mwingine Josh Allen. Kesi iliyobishaniwa muda mrefu kuliko zote ni ya Peyton Manning, aliyechezea Indianapolis Colts na baadaye Denver Broncos. Alistaafu Machi 2016, kwa hiyo hakuna mchezo mwingine utakaokuja kubadili hesabu. Majibu yangu hayajifanyi kwamba hayana upande: naona alilaumiwa kupita kiasi, ingawa vipo vipigo ambavyo hana pa kujifichia.

Kwa sisi tuliokulia kwenye soka: kwotabeki ni nani, na kwa nini lawama humwangukia yeye?

Ni yule anayepewa mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi, kisha aamue: aurushe mbele, amkabidhi mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Timu ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inaendelea, ikishindwa mpira ni wa wapinzani. Kwa kuwa kila kitu kinaanzia mikononi mwake, ndiye anayeonekana, ndiye anayelipwa, na ndiye anayewekewa vipaza sauti mdomoni mchezo ukiisha.

Kinachosahaulika ni kwamba wapinzani wakishachukua mpira, yeye anakwenda kuketi. Wanaingia walinzi 11, watu wengine kabisa. Ikifika zamu ya mkwaju (teke la kupitisha mpira kati ya nguzo, pointi 3), anaingia mpigaji wa mikwaju. Mshambuliaji wa soka anaweza kurudi nyuma kuokoa kona. Kwotabeki haruhusiwi hata kufikiria jambo hilo. Anatazama kama wewe na mimi. Hata hivyo mwisho wa siku ushindi na vipigo vinaandikwa kwa jina lake, jambo ambalo hakuna anayemfanyia golikipa.

Rekodi yake ya mtoano ikoje?

Michezo 27, ushindi 14, vipigo 13. Alirusha pasi 40 za tachidauni (zile za pointi 6) na pasi zake 25 zikanaswa na wapinzani. Katika misimu ya kawaida alama yake ya ubora wa pasi ilikuwa 96.5; kwenye mtoano ikashuka hadi 87.4.

Hapo ndipo wapinzani wake wanapoanzia, na si bure. Mtu huyu alichaguliwa mchezaji bora wa msimu mara 5, kuanzia 2003 hadi 2013. Ukimtazama Oktoba unaona mwalimu. Ukimtazama Januari unaona mtu anayehangaika. Ila fahamu pia kwamba kwenye mtoano unakutana na timu nzuri tu, wanyonge wameshakwenda nyumbani. Tom Brady mwenyewe, kwotabeki wa New England Patriots aliyekuwa mpinzani wake mkuu, alishuka kutoka 97.2 hadi 89.8.

Kutolewa mara 9 katika mchezo wa kwanza tu si ushahidi tosha?

Hii ndiyo hoja inayopigiwa kelele zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Mtoano wa NFL hauna mchezo wa marudiano. Unacheza mara moja, ukilala umelala. Wakati huo, timu 2 bora za kila upande wa ligi zilipumzishwa raundi ya kwanza. Sasa angalia: katika mara hizo 9, mara 5 timu ya Manning ilikuwa imepumzishwa kwa sababu ilifanya vizuri mno msimu mzima (misimu ya 1999, 2005, 2007, 2012 na 2014). Laiti ingekuwa timu ya kawaida, ingeanza raundi ya kwanza, ingemfunga mnyonge fulani, halafu ingetolewa na timu ile ile. Hapo watu wangesema "alau alishinda mmoja". Yaani anaadhibiwa kwa kuwa bora.

Kingine: msimu wa 2010 Colts walimaliza na ushindi 10 na vipigo 6 wakaingia mtoano. Mwaka uliofuata Manning hakucheza hata dakika moja kwa sababu ya shingo. Colts wakashinda michezo 2 wakafungwa 14. Timu nyingi alizoziingiza Januari zisingefika huko bila yeye, na ukishafika ndipo unapata nafasi ya kufungwa.

Tuseme ukweli basi: vipigo vipi ni vyake?

Cha kwanza ni Foxborough, nyumbani kwa New England Patriots, Januari 18, 2004, fainali ya upande wao wa ligi. Wiki 2 kabla yake Manning alikuwa hashikiki: aliwapiga Denver 41-10 akirusha pasi 5 za tachidauni, kisha Kansas City 38-31 katika mchezo ambao hakuna timu iliyolazimika kuusalimisha mpira kwa teke hata mara moja. Akafika Foxborough, pasi zake 4 zikanaswa, 3 kati ya hizo na beki mmoja, Ty Law. Matokeo 24-14. Watetezi wake husema mabeki wa Patriots walikuwa wakiwavuta na kuwakaba wapokeaji kupita kiasi, na ni kweli msimu uliofuata NFL iliwaagiza waamuzi wawe wakali kwa makosa hayo. Sawa. Lakini Law alikuwa akisimama pale pale, na Manning akaendelea kurusha upande ule ule. Huo ni wake.

Cha pili ni Super Bowl (fainali ya ligi nzima) ya Februari 2010 dhidi ya New Orleans Saints. Colts walikuwa nyuma 24-17, zimebaki dakika 3 na ushee, Manning anasogea vizuri. Anarusha kwa mpokeaji wake Reggie Wayne, njia ambayo walikuwa wameitumia miaka na miaka. Tracy Porter, beki wa Saints, alishaisoma. Akaruka mbele ya Wayne, akanasa, akakimbia yadi 74 hadi mwisho. 31-17. Ndiyo, mwanzoni mwa kipindi cha pili Saints walikuwa wamewafanyia Colts ujanja wa teke fupi la kushtukiza na kuupora mpira, na hilo halikumhusu. Lakini katika dakika zile 3 za mwisho kila kitu kilikuwa mkononi mwake.

Cha 41-0 mbele ya New York Jets, Januari 2003, wengine humtupia chote. Alicheza vibaya sana, pasi 14 tu zilifika kati ya 31. Hata hivyo mtu mmoja hawezi kufungwa 41. Hapo gawa lawama kwa kila aliyepanda ndege kwenda mchezoni.

Na vipi ambavyo si vyake?

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo penye utamu wote.

Desemba 30, 2000, Miami. Muda wa nyongeza. Mike Vanderjagt, mpigaji mikwaju wa Colts, anakosa mkwaju wa yadi 49 ambao ungemaliza kazi. Mpira unarudi kwa Dolphins, na Lamar Smith, aliyebeba mpira mara 40 siku ile kwa jumla ya yadi 209, anapenya yadi 17 hadi ndani. 23-17.

Sasa ruka hadi Januari 15, 2006. Colts walikuwa wameanza msimu kwa ushindi 13 mfululizo. Wanawakaribisha Pittsburgh Steelers, timu iliyoingia mtoano kwa nafasi ya mwisho. Robo ya mwisho inaanza Colts wakiwa nyuma 21-3. Wale vibonge 5 wanaomkinga Manning wanapitiwa kama mlango wa sokoni. Anaangushwa mara 5 kabla hajarusha. Bado anairudisha timu hadi 21-18. Ikibaki dakika moja na kidogo Steelers wana mpira yadi 2 kutoka mstari wa Colts, wanampa Jerome Bettis aumalize mchezo. Bettis anaudondosha. Nick Harper wa Colts anauokota na kuanza kukimbia, mbele yake kweupe kabisa, amebaki mtu mmoja, naye ni kwotabeki wa Steelers, Ben Roethlisberger, anayerudi kinyumenyume. Roethlisberger anaupata mguu wake kwa vidole tu, Harper anaanguka. Manning anarudi uwanjani, anausogeza mpira hadi pa kupiga mkwaju wa yadi 46 wa kusawazisha. Anaingia Vanderjagt. Unapaa kulia, mbali mno, hata mwamuzi hakuhitaji kukaza macho. Vanderjagt akaivua helmeti na kuibamiza chini.

Huyu ndiye Vanderjagt ambaye katika msimu wa kawaida wa 2003 hakukosa hata mkwaju mmoja, 37 kwa 37. Mambo ya Januari hayo.

Vingine viwili ni vifupi kusimulia. Januari 2009, San Diego: Chargers walisawazisha zikibaki sekunde 31, wakashinda sarafu ya kuamua nani aanze na mpira, wakaenda moja kwa moja hadi Darren Sproles akatupia. Enzi hizo anayefunga kwanza ndiye mshindi, kwa hiyo Manning hakugusa mpira hata mara moja katika muda wa nyongeza. Januari 2011, nyumbani dhidi ya Jets: aliiacha timu ikiongoza 16-14 zikibaki sekunde 53. Kikosi cha kufukuzia teke kikamwachia Antonio Cromartie yadi 47, kisha kocha wake mwenyewe, Jim Caldwell, akaomba saa isimame wakati Jets ndio waliokuwa wakiihitaji. Nick Folk akapiga mkwaju wa yadi 32 muda ukiisha. 17-16. Ukitaka kuuona uso wa Manning pembeni ya uwanja wakati Caldwell anaomba saa isimame, kamera iliunasa. Hauhitaji maelezo.

Ni kweli aliwasema wenzake hadharani?

Ndiyo. Baada ya kipigo cha Steelers alisema anajaribu kuwa mwenzao mwema, halafu akasema kulikuwa na matatizo ya kumkinga. Vibonge 5 walielewa salamu. Yalikuwa maneno ya kweli, ila kiongozi huyameza. Miaka 3 kabla, Vanderjagt alipomsema yeye na kocha Tony Dungy baada ya ile 41-0, Manning alimjibu kwenye televisheni kwamba ni mpigaji mikwaju mpumbavu aliyelewa. Kwa hilo nacheka kila nikikumbuka, nisamehewe.

Super Bowl ya 43-8 dhidi ya Seattle je? Pale si alikuwa na msimu bora kuliko wote?

Msimu wa 2013 alirusha pasi 55 za tachidauni kwa yadi 5,477, na Denver wakafunga pointi 606. Kisha Februari 2, 2014, kwenye mpira wa kwanza kabisa, yeye akisogea mbele kuwaelekeza wenzake kwa sababu ya kelele, mpira ukapita kichwani na kuingia eneo lao. Sekunde 12, Seahawks wakaongoza. Baadaye Malcolm Smith akanasa pasi yake, akakimbia yadi 69 na kutupia.

Wengi wetu tuliijua Super Bowl ile kwa matokeo ya asubuhi tu, maana kwa saa za Afrika Mashariki huanza saa 8:30 usiku. Ukiyasoma matokeo hivyo, utasema Manning aliganda. Ukiutazama mchezo, unaona walinzi wa Seattle waliokuwa bora zaidi ya kila mtu mwaka ule. Alifikisha pasi 34, rekodi ya Super Bowl wakati huo, na karibu zote zilikuwa fupi, anapokea mtu na kubamizwa hapo hapo. Nampa robo ya lawama.

Mbona Brady alishinda?

Swali zuri, na jibu lake linashangaza: Brady naye alifungwa michezo 13 ya mtoano. Idadi ile ile. Tofauti ni kwamba alishinda 35.

Sitasema Brady ni bahati; ni upuuzi. Lakini tazama pete zake za ubingwa za mwanzo. Januari 2002 kwenye theluji, Adam Vinatieri, mpigaji mikwaju wa Patriots wakati huo, alipiga mkwaju wa yadi 45 kusawazisha dhidi ya Raiders. Wiki 2 baadaye akapiga wa yadi 48 muda ukiisha na Patriots wakawa mabingwa. Miaka 2 baadaye tena, wa yadi 41 dhidi ya Panthers, zikiwa zimebaki sekunde chache. Mpe Manning Vinatieri na mpe Brady Vanderjagt katika michezo hiyo, halafu niambie nani angeitwa mtu wa Januari.

Na si nadharia tupu. Mwaka 2006 Colts walimchukua Vinatieri.

Kwa hiyo pete zake 2 zinafuta deni?

Zinaonyesha jinsi deni lenyewe linavyohesabiwa ovyo. Katika safari ya ubingwa wa msimu wa 2006, Manning alirusha pasi 3 za tachidauni katika michezo 4 na 7 zikanaswa. Baltimore hakurusha hata moja ya tachidauni. Colts walishinda 15-6 kwa mikwaju 5 ya Vinatieri. Angefungwa siku ile tungekuwa bado tunaimba wimbo wa "Manning na Januari". Mchezo ambao kweli ulikuwa wake ni wa wiki iliyofuata, Patriots walipoongoza 21-3 naye akawarudi hadi 38-34. Hata huo ulifungwa na beki Marlin Jackson, aliyenasa pasi ya mwisho ya Brady.

Super Bowl ya Februari 2016 ndiyo kichekesho kabisa. Alikuwa na miaka 39, mkono umekwisha. Msimu ule wa kawaida pasi 9 za tachidauni dhidi ya 17 zilizonaswa. Mchezoni Denver walisogea yadi 194 tu. Von Miller na walinzi wenzake wakamsambaratisha Cam Newton, kwotabeki wa Carolina Panthers, wakashinda 24-10. Rekodi ikaandika: Manning, ushindi. Kama ushindi ule ni wake, basi vipigo vyote 13 navyo ni vyake. Kama si wake, tuache kuhesabu hivyo.

Anayelipwa fedha nyingi kuliko wote si ndiye abebe?

Kuna chembe ya ukweli. Tangu 1994 NFL ina kikomo cha jumla ya mishahara kwa kila timu, kwa hiyo fungu la mmoja likikua, la wengine linapungua. Mkataba wake wa 2004 ulikuja na malipo ya kusaini ya dola milioni 34.5, na kila aliyeshangaa kwa nini walinzi wa Colts walikuwa wepesi kupitika alijua sehemu ya jibu. Mkimbiaji wao mkuu, Edgerrin James, aliondoka 2006. Kisha Colts wakatwaa ubingwa msimu ule ule. Hesabu hizi hazinyooki.

Hoja nzito zaidi ya fedha ni madaraka. Manning alikuwa akibadili mpango wa shambulizi pale pale mstarini, akipiga kelele na kunyoosha vidole. Aliyejipa mamlaka makubwa kuliko makwotabeki wengi ajibu zaidi kuliko wengi. Hilo nalikubali bila kubishana.

Alikuwa hawezi baridi?

Vipigo 4 vya kwanza-na-mwisho alivipata nyumbani Indianapolis chini ya paa, penye joto safi. Tafuta sababu nyingine.

Sheria za sasa zingemsaidia?

Ule wa San Diego, bila shaka. Kwenye mtoano sheria ililegezwa 2010, mkwaju wa kwanza ukawa hautoshi kumaliza mchezo, ila tachidauni bado ilitosha. Kisha Januari 23, 2022, Josh Allen wa Buffalo alirusha yadi 329 na tachidauni 4 bila pasi kunaswa, akaiacha timu ikiongoza 36-33 zikibaki sekunde 13. Walinzi wake wakawaachia Kansas City Chiefs yadi 44 katika sekunde hizo, mkwaju ukasawazisha, sarafu ikawaangukia Chiefs, na Allen akatazama Travis Kelce akimaliza. 42-36. Baada ya hapo NFL ikaamua kila timu ipate mpira kwenye muda wa nyongeza wa mtoano.

Na bado wapo waliouhesabu mchezo ule kama kipigo cha Allen.

Nikitaka kutazama mchezo mmoja tu nijiamulie, niutazame upi?

Denver dhidi ya Baltimore Ravens, Januari 12, 2013, baridi kali. Una kila kitu. Trindon Holliday anarudisha mateke 2 hadi tachidauni. Denver wanaongoza 35-28 ikibaki chini ya dakika moja, na mlinzi Rahim Moore anaupima vibaya mpira wa juu, unampita, Jacoby Jones wa Ravens anaudaka, yadi 70. Simamisha picha hapo ujiulize kwotabeki alikuwa wapi. Kisha kocha John Fox, mwenye kwotabeki bora wa kizazi chake na nafasi 2 za kusimamisha saa, anaamua apige goti wasubiri muda wa nyongeza.

Usizime. Endelea hadi karibu na mwisho wa muda wa nyongeza wa kwanza. Manning anakimbilia kulia, halafu anarusha kwa kurudisha mkono kuvuka mwili, kumtafuta Brandon Stokley katikati. Ni pasi ambayo makocha wa watoto huikataza. Corey Graham wa Ravens, aliyekwisha kumnasa mara moja mapema, ananasa tena, na Justin Tucker anamaliza kwa mkwaju wa yadi 47. 38-35. Mpe Moore fungu lake, mpe Fox fungu lake kubwa, halafu ile pasi ya Stokley mwandikie Manning peke yake.